Shajara ya mradi: Kupunguza kelele za injini ndani ya kabini ya Hilux LN106

Gari ni Toyota Hilux LN106, kabini moja, fowili (huendesha magurudumu yote manne), injini ya 3L ya dizeli isiyo na tabo: cc 2779, silinda 4. Liko Morogoro na linabeba mizigo ya shambani. Lengo ni watu wawili waweze kuongea bila kupaza sauti gari likiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, na matumizi yasizidi Sh 1,000,000. Bei zote ni za vifaa tu, kazi imefanyika gereji kwetu. Kila hatua ikimalizika tunaongeza ingizo jipya.

7 Juni 2025: Kupima kwanza

Tumetumia kipima sauti cha mkononi chenye kipimo cha A (kinachopunguza sauti za chini, kama sikio la mtu) na cha C (kinachohesabu pia mvumo wa chini). Programu ya simu haifai kwa kazi hii, kwa sababu maikrofoni ya simu imetengenezwa kwa ajili ya sauti ya mtu na simu nyingi hukata mvumo wa chini kabisa. Kipimo cha A peke yake nacho hupotosha. Injini ya silinda 4 ya mipigo minne huwaka mara 2 kwa kila mzunguko, kwa hiyo kwenye mizunguko 2400 kwa dakika huwaka mara 80 kwa sekunde. Sauti ya hezi 80 kipimo cha A huishusha kwa zaidi ya desibeli 20, ilhali ndiyo inayochosha kichwa safarini. Andika namba zote mbili.

Kipima kimefungwa kwenye egemeo la kiti cha abiria, usawa wa sikio, vioo vimepandishwa, feni ya hewa imezimwa. Njia ni kipande kilekile cha lami tambarare kwenye barabara ya Dodoma, asubuhi kabla ya upepo, kwenda na kurudi, kisha wastani.

Kilomita 80, gia ya 5: A 79, C 97 (desibeli).
Sailensi (injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta), gari limesimama: A 66, C 88.
Kilomita 80, gia huru, injini kwenye sailensi: A 72.

Namba ya tatu ndiyo muhimu kuliko zote. Inaonyesha kiasi cha kelele zinazotoka kwenye matairi na upepo. Kama 79 ingebaki 78 baada ya kuweka gia huru, kushughulikia injini kungekuwa kupoteza fedha, maana tatizo lingekuwa matairi ya matope au mipira ya milango. Hapa pengo ni desibeli 7, kwa hiyo sehemu kubwa ya kelele ni injini. Ukifanya jaribio hili usizime injini gari likiwa linatembea: usukani unaweza kujifunga, na breki hupoteza msaada wa vakyumu.

Kabla ya kufunga gereji tumelegeza nati za mabomba ya nozeli moja moja, injini ikiwa kwenye sailensi, kutafuta silinda inayogonga kupita kiasi. Silinda mbovu ikikatiwa dizeli, kugonga kule hupotea mara moja. Zote nne zimebadilika sawasawa, kwa hiyo pampu na nozeli tumeziacha. Vaa miwani na funika nati kwa kitambaa kinene, dizeli inayotoka hapo ina presha ya kupenya ngozi. Injini ya 3L huchoma dizeli kwanza kwenye chemba ndogo iliyo kwenye silinda hedi, hivyo kugonga kwake ni laini kuliko kwa injini zinazopulizia moja kwa moja juu ya pistoni. 3L inayogonga kama nyundo ni mgonjwa, ipelekwe kwa fundi pampu kabla ya kununua hata kipande cha sponji.

14 Juni: Feni

Sauti kama ya ndege iliyokuwa ikipanda pamoja na mizunguko imepata sababu. Klachi ya feni imefungwa kwa kuchomelewa ili feni izunguke na injini muda wote. Ni dawa ya mkato inayoonekana kwenye magari mengi yaliyowahi kuchemka. Feni hiyo ikifika mizunguko 3000 hunyonya nguvu ya injini na kutoa kelele nyingi.

Namna ya kutambua: injini ikiwa baridi na imezimwa, zungusha feni kwa mkono. Nzima hukataa kidogo, kama inazunguka ndani ya asali. Ikizunguka bure kabisa, mafuta ya silikoni yamekwisha na gari litachemka mlimani. Isipozunguka, imekwama au imefungwa.

Usiweke klachi mpya kabla ya kujua kwa nini ya zamani ilifungwa. Rejeta ilikuwa na tope katika theluthi ya chini. Tumeisafisha, kisha tukaweka klachi mpya. Safari ya kupanda kwa mzigo imepita bila sindano ya joto kusogea.

Gharama: klachi Sh 130,000, kusafisha rejeta Sh 30,000.
Kilomita 80: A 77, C 97. C haikusogea, maana kelele za feni ni za juu, si mvumo.

21 Juni: Ekzosi

Masizi meusi kwenye flanji (bamba la maungio) kati ya manifoldi ya injini na bomba la mbele yalionyesha mvujo. Asubuhi injini ikiwa baridi unasikika kama mlio wa "chu-chu-chu", chuma kikipata moto kinatanuka na kuziba, na fundi anayepima mchana anasema hakuna kitu. Pima baridi, kwa maji ya sabuni, msaidizi akiwa ameziba nusu ya tundu la nyuma kwa kitambaa.

Flanji ilikuwa imepinda. Gasketi mpya juu ya flanji iliyopinda haimalizi wiki mbili, kwa hiyo imechomelewa na kunyooshwa kwanza. Raba 3 za kuning'inizia bomba zimebadilishwa, na bomba limerudishwa mbali na sakafu ya kabini. Lilikuwa linagusa chini ya kiti cha dereva kila gari likiyumba.

Hatua hii lazima iwe kabla ya kuziba kabini. Ukiziba matundu huku ekzosi inavuja, unajifungia na moshi.

Gharama: Sh 47,000. Kilomita 80: A 76, C 96.

29 Juni: Matundu

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu hakuna hatua iliyotupa faida kubwa zaidi kwa fedha ndogo hivi. Ukuta wenye uwazi wa asilimia 1 ya eneo lake hauwezi kuzuia zaidi ya desibeli 20, hata ungekuwa wa zege. Mtu anaweza kubandika vifaa vya laki tano sakafuni na asisikie tofauti, kwa sababu sauti inapita kwenye tundu la waya lenye upana wa kidole gumba.

Tumetafuta kwa njia mbili. Usiku tumeweka taa kali ya LED ndani ya boneti, kisha chini ya gari, mtu akiwa ndani ya kabini yenye giza amelala chini ya dashibodi. Kisha, injini ikinguruma, tumetumia mpira wa maji wa nusu inchi wenye urefu wa mita 1: ncha moja sikioni, nyingine ikipitishwa taratibu kwenye kila maungio. Tundu linajitangaza lenyewe.

Yamepatikana saba. Mpira wa ndani wa mkono wa gia, ulio chini ya ule unaoonekana, ulikuwa umechanika nusu ya duara, na wa mkono wa fowili haukuwepo kabisa. Mpira unaozunguka shafti ya usukani ulikuwa umetoka kwenye mfereji wake. Grommeti (mpira wa tundu la kupitishia waya) ya waya mkuu ilikuwa imekatwa ili kupitisha waya wa redio. Matundu mawili ya bolti za king'ora cha zamani yalikuwa wazi, na kizibo kimoja cha sakafu hakikuwepo.

Mpira wa juu wa gia unaoonekana mzima haumaanishi wa ndani ni mzima. Fungua konsoli, toa bolti za spana namba 10 zinazoshika bamba, inua vyote viwili. Safisha ukingo wa bati hadi liwe tupu kabla ya kurudisha, la sivyo bamba halikai sawa na mvujo unarudi.

Kosa letu: waya mkuu tuliuzungushia silikoni ya kawaida ya madirisha, ile inayonuka kama siki. Asidi yake hula shaba na huamsha kutu. Imekwanguliwa siku iliyofuata, grommeti mpya ikawekwa na kuzibwa kwa silikoni isiyo na harufu ya siki. Usitumie povu la kupulizia la mafundi ujenzi, hunyonya maji na huwaka.

Gharama: mipira miwili Sh 38,000, grommeti Sh 9,000, silikoni Sh 16,000. Jumla Sh 63,000.
Kilomita 80: A 73, C 95. Desibeli 3 kwa bei hiyo ndogo.

12 Julai: Maunti za injini, mara ya kwanza. Imeshindikana

Maunti, yaani raba zinazobeba injini, zilikuwa zimelala: pengo kati ya bamba la juu na la chini lilikuwa limebaki milimita chache, na upande mmoja chuma kilikuwa kinagusa chuma. Muuzaji alipendekeza za polyurethane (aina ya plastiki), ngumu, "hazifi". Sh 150,000.

Matokeo kwenye sailensi: A kutoka 66 hadi 68, C kutoka 88 hadi 94. Dashibodi inalia, kioo cha nyuma kinatetemeka mpaka taa za gari lililo nyuma zinaonekana mbilimbili.

Sababu ni hii. Maunti huanza kuzuia mtikisiko pale tu mapigo ya injini yanapokuwa zaidi ya mara 1.4 ya mtikisiko wa asili wa injini ikiwa imekalia raba zake. Kwenye sailensi ya mizunguko 750, 3L huwaka mara 25 kwa sekunde. Raba laini huuweka mtikisiko wa asili chini kabisa ya hapo. Polyurethane ngumu huupandisha hadi karibu na 25, na badala ya kuzuia, inakuza. Ni kifaa cha gari la mashindano, si cha mtu anayetafuta utulivu.

19 Julai: Maunti, mara ya pili

Raba za kawaida: mbili za injini Sh 110,000, ya gia boksi Sh 45,000. Ya gia boksi usiiruke. Ikiwa imekufa, injini huinama nyuma na kuzibana zile mpya za mbele.

Ufungaji una siri moja. Weka maunti zote tatu, bolti zikiwa zimelegea, shusha jeki, washa injini kwa dakika moja kwenye sailensi ili ijitafutie mahali pake, zima, ndipo ukaze. Ukikaza injini ikiwa imeningʼinia kwenye jeki, raba hubaki imejinyonga na hupitisha mtikisiko kana kwamba ni ya zamani.

Siku hiyohiyo tumebadilisha bushi za kabini (raba kati ya kabini na chasisi), seti Sh 120,000. Legeza zote, toa za upande mmoja, inua kabini kwa jeki yenye ubao mpana chini ya kingo, sentimita 3 hadi 4 tu, kisha upande wa pili. Kabla ya kuinua angalia mpira wa klachi, waya wa handibreki na maungio ya usukani visivutwe. Baada ya kushusha, zungusha feni kwa mkono uone kama haigusi kava ya rejeta.

Sailensi: A 64, C 83. Kilomita 80: A 72, C 90. Anayetazama A pekee ataona desibeli 1 na kudhani Sh 275,000 zimepotea. C imeshuka 5, na mvumo wa kifuani umekwisha.

9 Agosti: Kutuliza bati. Kosa la lami

Bati pana lisilo na kitu nyuma yake hulia kama ngoma. Kazi ya kibandiko ni kugeuza mtikisiko huo kuwa joto. Ili kuokoa fedha tulijaribu kwanza zulia la lami la kuzuia mvua mapaani, lenye karatasi ya alumini juu, Sh 45,000. Paa la kabini na mfereji wa gia boksi (mwinuko wa sakafu juu ya gia boksi) vilibandikwa.

Siku ya tatu, gari likiwa juani, kipande cha paa kililegea na kuangukia kiti. Cha juu ya gia boksi kililainika, na harufu ya lami ilijaa kabini. Kukwangua kumechukua siku nzima na lita 3 za petroli, milango wazi, betri imefunguliwa, bila moto wowote karibu. Kwa joto la Morogoro usirudie kosa hili.

Imewekwa butili (kibandiko cha mpira) yenye alumini, milimita 2, mita za mraba 4 kwa Sh 140,000. Butili haina harufu na haitiririki kwa joto la juani. Bati lisafishwe kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe, kutu ikwanguliwe na kupakwa redi oksaidi, rangi ikauke siku mbili. Bandika juani, kandamiza kwa rola mpaka vijishimo vya alumini vifutike.

Huhitaji kufunika bati lote. Kipande katikati ya kila bamba, robo hadi theluthi ya eneo lake, hufanya sehemu kubwa ya kazi. Gonga kwa kidole: "ting" imegeuka "dup", songa mbele. Hapa sakafu na ukuta wa nyuma vimepewa nusu, paa na bati la nje la milango robo.

Kilomita 80: A 71, C 89. Ndiyo, desibeli 1 tu kwa Sh 155,000 pamoja na spiriti na rola. Vibandiko hivi husifiwa kama dawa ya kelele zote, lakini havizuii sauti ya injini inayokuja hewani. Vinanyamazisha bati, basi.

23 Agosti: Zulia zito

Kuzuia sauti ya hewani kunahitaji uzito unaoelea: sponji isiyonyonya maji chini, mpira mzito juu, bila kuunganishwa na bati. Vinyli maalumu yenye kilo 5 kwa mita ya mraba haikupatikana kwa bei ya maana. Tumetumia mpira wa kutandika sakafu wa milimita 3. Kata kipande cha sentimita 50 kwa 50 dukani ukipime: kikiwa chini ya kilo 1, acha.

Sponji nayo ijaribiwe. Izamishe kwenye ndoo ya maji, ikamue ikiwa ndani, iachie, itoe. Ikitoka nzito, ni ya godoro, na ikikaa sakafuni bati litaoza chini yake. Choma kipande kidogo nje uone kama kinajizima. Trei za mayai hazimo kwenye mradi huu: nyepesi mno kuzuia kitu, na zikiloa au kushika moto ni balaa.

Mita 2 za mraba za kila kimoja zimetosha kuanzia chini ya dashibodi, kupanda ukuta wa injini hadi mkono unapofika, kushuka juu ya mfereji wa gia na kuishia nyuma ya viti. Vipande vimepishana sentimita 5. Kata nafasi kwenye miguu ya viti na bolti za mikanda. Kamwe usiache sponji chini ya bolti hizo, hukandamizika na bolti kulegea. Pedali ya klachi lazima ifike mwisho. Yetu ilikuwa inagusa zulia, tukapunguza sponji nyuma yake.

Gharama: Sh 102,000. Kilomita 80: A 70, C 89.

6 Septemba: Milango na boneti

Tulianza kwa utepe wa sponji wa kubandika, milimita 12, Sh 16,000. Ulikuwa mnene mno: mlango ulikataa kushika hatua ya pili, na kona ya juu ilisukumwa nje kiasi cha kupitisha kadi. A ilirudi 71. Umetolewa, tukaweka mipira ya umbo la asili, Sh 60,000. Jaribio: funga mlango juu ya noti, ivute. Itoke kwa kukataa, kila mahali.

Kosa lingine: butili ya mlango wa kushoto ilishuka na kufunika tundu la kutolea maji chini. Tulipoosha gari mlango ulijaa maji, yakawa yanapigapiga kila kona. Acha sentimita 5 za chini bila kitu.

Chini ya boneti tumefunga pedi kuukuu ya gari lingine, kwa klipu si kwa gundi, isije ikaangukia ekzosi. Nje injini inasikika laini zaidi. Ndani namba haikusogea.

Kilomita 80: A 69, C 89. Gia huru: A 66. Sailensi: A 60.

7 Septemba: Hesabu

Vilivyobaki ndani ya gari: feni 160,000, ekzosi 47,000, matundu 63,000, maunti na bushi 275,000, butili 155,000, zulia 102,000, mipira ya milango 60,000. Jumla Sh 862,000. Vilivyotupwa: polyurethane 150,000, lami 45,000, utepe 16,000, jumla Sh 211,000. Yote pamoja Sh 1,073,000, tumevuka lengo kwa 73,000.

Mwenye Sh 300,000 tu afanye feni, ekzosi na matundu. Ni Sh 270,000, na zimeleta desibeli 6 kati ya 10.

30 Novemba: Ukaguzi baada ya mvua

Zulia limeinuliwa pande zote. Upande wa abiria chini kulikuwa na unyevu: maji yaliingia kwenye maungio ya kioo cha mbele, si sakafuni. Kutu haijaanza. Ukingo wa kioo umezibwa, sakafu imekaushwa siku mbili kabla ya kurudisha zulia. Butili imeshika kila mahali. Nati za maunti zimekazwa tena, moja ya gia boksi ilikuwa imelegea robo mzunguko.